Shamba la Michungwa, Magego Mawili na Chemba ya Oksijeni

SWALI

Daktari, salaam aleikum.

Ninaandika kutoka Tanga kwa niaba ya mume wangu, mwenye umri wa miaka 61, ambaye mwaka 2020 aligundulika kuwa na saratani ya shina la ulimi. Tulikaa Dar es Salaam kwa dada yake karibu miezi mitatu, akapigwa mionzi mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa, na mara tatu akawekewa dripu ya dawa za saratani. Alhamdulillahi uvimbe uliondoka, na kila alipokwenda kliniki aliambiwa yuko salama, ingawa mwaka huu hajaenda kwa sababu anajiona mzima. Kilichobaki ni ukavu wa kinywa. Hawezi kumeza tonge la ugali bila mchuzi mwingi, usiku hulala na chupa ya maji kando ya mto, na kinywa chake hakifunguki kupita upana wa vidole viwili.

Kilichonifanya niandike ni meno. Tangu mwaka jana yanaoza kwa namna ambayo sijawahi kuiona: hayaanzii juu pa kutafunia, yanaanzia pale jino linapoingia kwenye ufizi, rangi ya kahawia ikizunguka kama pete, hadi jino linakatika lenyewe. Magego mawili ya chini upande wa kushoto yamebaki magofu na yanamuuma usiku. Tulikwenda kwa daktari wa meno hapa mjini, naye aliposikia habari ya mionzi aliweka koleo chini, akasema hathubutu kung'oa kwa kuwa taya laweza kuoza. Akatueleza kwamba lazima mgonjwa aingie kwanza kwenye chemba ya oksijeni, yaani chumba kilichofungwa ambamo mtu huvuta oksijeni tupu kwa mgandamizo mkubwa, mara 20, ndipo ang'olewe, kisha aingie tena mara 10.

Shemeji yangu anafanya kazi na wapiga mbizi Nungwi, na anasema Unguja kuna chemba ya kuwatibu wapiga mbizi ambayo huenda tukaombewa. Binti yetu aliyeolewa Maskati ameulizia huko, na gharama pamoja na nauli na malazi ni kubwa. Kijana mwingine wa Dar es Salaam ametutumia picha za hema la plastiki linalojazwa upepo, ambalo mtu hulala ndani, kwa bei nafuu. Mume wangu ameamua kuuza shamba letu la michungwa la Muheza, ambalo ndilo lililosomesha watoto, na mnunuzi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nisisahau na jambo dogo: nyuma ya magego hayo, upande wa ulimi, kuna kitu kigumu chenye ncha kinachomkwaruza. Nilimmulika kwa tochi ya simu nikaona kama punje ya mchele, nyeupe inayoelekea umanjano. Hakimuumi. Kina miezi mitano sasa, na mwenyewe anasema ni kipande cha mzizi kilichobaki.

Je, tuuze shamba? Na kama tutauza, twende chemba ipi?

Mama wa watoto wanne, Tanga

JIBU

Wa aleikum salaam, mama, na pole kwa kuuguza. Barua yako imeizungumzia chemba kwa kirefu na punje ya mchele kwa sentensi chache tu, mwishoni, kama jambo lililokuwa karibu kusahaulika. Mimi nitaanza na hiyo punje, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niisome barua yako mara ya pili.

Kitu kigumu kilichotokeza ndani ya kinywa cha mtu aliyepigwa mionzi ya taya, na ambacho ufizi haujakifunika kwa miezi mitano, kinaweza kuwa moja kati ya mambo matatu. Huenda kweli ni kipande cha mzizi wa jino, kama asemavyo mwenyewe, na natamani awe sahihi. Huenda ni mfupa wa taya lenyewe uliokufa na kubaki wazi, hali ambayo madaktari huiita osteoradionekrosisi, yaani kufa kwa mfupa kutokana na mionzi; na kwa kawaida tunalitumia jina hilo mfupa ukishakaa wazi miezi mitatu bila kupona, baada ya kuhakikisha kwamba saratani haipo. Uwezekano wa tatu ndio huo wa saratani kurudi, na siuandiki ili kukutia hofu, ila mume wako hajaonekana kliniki mwaka huu na hakuna daktari aliyekitazama kitu hicho. Daktari wenu wa meno huenda hakukiona kabisa, maana katika kinywa kinachofunguka vidole viwili, upande wa ulimi nyuma ya gego la mwisho ni mahali pagumu kufikia hata kwa kioo. Kutouma hakuthibitishi usalama, kwa kuwa mfupa uliokufa mwanzoni mara nyingi hauumi. Kinachokuja kuuma ni maambukizi na nyama iliyo kando yake.

Kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, kama wale walioko Muhimbili, ambaye atamtazama, atampiga picha ya eksirei ya taya zima, na akiona shaka atakata kinyama kidogo kikapimwe maabara. Shamba halihitajiki kwa hilo. Wakati mnasubiri, kitu hicho kisichokonolewe kwa ukucha, pini wala kijiti. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila baada ya chakula, basi. Na ikitokea kwamba mdomo wa chini upande wa kushoto umekufa ganzi, au usaha umetoka kupitia ngozi chini ya taya, au damu inatoka bila kukoma, msisubiri tarehe ya miadi.

Sasa tuje kwenye chemba, na kwanza nimtetee daktari wenu. Hakukosea kuweka koleo chini, na hesabu aliyokupa ya 20 kabla na 10 baada hakuitunga mwenyewe. Hesabu hiyo inatokana na kazi ya daktari wa upasuaji wa Marekani, Robert Marx, ambaye mwaka 1983 alieleza kwamba mionzi huinyausha mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa, mfupa ukabaki na chembe hai chache, damu kidogo na oksijeni haba, hata ukijeruhiwa hauna nguvu ya kujijenga upya. Taya la chini ndilo linaloumia zaidi kuliko la juu, kwa kuwa ni mfupa mzito ambao sehemu kubwa ya damu yake huingia kwa mshipa mmoja unaopita katikati yake. Ukishaamini maelezo hayo, wazo la chemba linafuata lenyewe: mfupa una njaa ya oksijeni, basi ulishwe.

Na oksijeni kweli huongezeka. Katika hewa ya kawaida karibu oksijeni yote hubebwa na chembe nyekundu, na ile inayoyeyuka katika maji ya damu ni takriban mililita 0.3 tu kwa kila mililita 100 za damu. Lakini mtu akivuta oksijeni tupu ndani ya kanieneo (mgandamizo wa hewa) iliyo mara tatu ya ile ya kawaida, kiasi hicho hufikia takriban mililita 6. Mwaka 1960, mjini Amsterdam, daktari Ite Boerema alionyesha kwamba nguruwe waliotolewa karibu chembe zote nyekundu waliweza kuendelea kuishi ndani ya chemba kama hiyo kwa oksijeni iliyoyeyuka tu. Mambo ya namna hii humteka mtu. Yaliniteka na mimi, na kwa miaka mingi niliandika hiyo 20 na 10 kwenye barua za wagonjwa bila kusita.

Mwaka 1985 Marx na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 74 waliong'olewa meno baada ya mionzi, nusu wakipewa penisilini na nusu wakiingizwa chemba. Katika wale 37 wa penisilini, 11 walipata kufa kwa mfupa. Katika wale 37 wa chemba, 2 tu. Matokeo hayo yaliingia kwenye vitabu vya kufundishia madaktari wa meno na yakakaa humo zaidi ya miaka 20, ingawa idadi ile ya 11 kati ya 37 ni kubwa kuliko ilivyoonekana kwingineko. Wataalamu wa Malaysia na Hong Kong walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2011, walikuta kwamba kati ya wagonjwa 100 waliong'olewa meno baada ya mionzi, takriban 7 ndio hupata tatizo hilo. Saba ni wengi kwa wale saba wenyewe, sikatai, lakini hata bila chemba walio wengi hupona tundu la jino kama watu wengine.

Kisha Waingereza wakafanya jaribio ambalo mtu fulani alipaswa kulifanya tangu zamani. Wagonjwa 144 waliopigwa mionzi mingi kwenye taya la chini, na waliokuwa wanahitaji kung'olewa jino au kupandikizwa jino bandia kwenye mfupa, waligawanywa kwa bahati nasibu: wote walipata dawa ya kusukutua na antibiotiki, na nusu yao wakaongezewa chemba mara 30. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Baada ya miezi sita, katika watu 47 wa chemba walioweza kutathminiwa, 3 walikuwa na mfupa uliokufa. Katika watu 53 wasioingia chemba, nao walikuwa 3. Mwaka 2024 chama cha Marekani cha madaktari wa saratani, ASCO, kikishirikiana na wataalamu wa magonjwa ya kinywa, kilitoa mwongozo unaosema kwamba chemba isitolewe kama desturi kabla ya kung'oa jino kwa mgonjwa wa mionzi, ijapokuwa inaweza kufikiriwa pale ambapo sehemu kubwa ya taya linaloguswa imepata grei 50 au zaidi, grei ikiwa ndiyo kipimo cha mionzi kama kilo ilivyo kipimo cha uzito.

Ndiyo maana jambo la kuulizia, kabla ya bei ya Maskati, ni ramani ya mionzi. Mionzi mara 35 kwa kawaida hufikisha takriban grei 70 pale penye uvimbe, lakini taya halipati kiasi kimoja kote, na hospitali iliyomtibu ina faili linaloonyesha miale ilipitia wapi. Kwa saratani ya shina la ulimi, magego ya nyuma ya chini huwa karibu mno na uwanja huo, na sitashangaa ikionekana kwamba mahali hapo pamevuka grei 50. Mwombeni daktari wa mionzi awaandikie kiasi kilichofika kwenye taya la kushoto, kwa tarakimu. Karatasi hiyo mpelekeeni daktari wa upasuaji, na nakala yake abaki nayo daktari wenu wa Tanga, ambaye nadhani ataifurahia.

Magego yenyewe je? Hapa pana njia ambayo naona hamkuelezwa. Jino la mtu aliyepigwa mionzi si lazima ling'olewe kwa sababu limebaki gofu. Mara nyingi tunaweza kuondoa mishipa iliyooza ndani ya mizizi, kuisafisha na kuijaza dawa, kisha tukasaga kilichobaki cha jino hadi usawa wa ufizi, mizizi ikaachwa mfupani bila kuguswa. Halipendezi na halitafuni, lakini maumivu huisha na mfupa haufunguliwi. Kwa kinywa cha vidole viwili kazi hiyo ni ngumu na huenda ikachukua miadi kadhaa. Hata hivyo jino lililokwisha kukatika ni fupi, na ufupi huo humsaidia fundi kuingiza vifaa. Ikishindikana, au mizizi ikiwa na usaha mwingi, au ikigundulika kwamba mfupa uliokufa umeikumbatia mizizi hiyo hiyo, basi yatang'olewa, na ang'oe mtu mwenye uzoefu wa taya lililopigwa mionzi: kwa utaratibu, bila kupasua mfupa bure, kingo zenye ncha zikilainishwa na ufizi ukishonwa kulifunika tundu, mgonjwa akiwa kwenye antibiotiki na dawa ya kusukutua. Fikiria pia kwamba chemba mara 20, siku tano kwa wiki, ni wiki nne za kukaa na magego yenye maambukizi ambayo tayari yanamkosesha usingizi. Kusubiri huko nako kuna hatari yake, na ni nadra kutajwa kwenye orodha za bei.

Kama punje ile itathibitika kuwa mfupa uliokufa, hesabu ya chemba inabadilika kidogo, lakini haifiki mahali pa kuuzia shamba. Jaribio la Wafaransa lililochapishwa mwaka 2004 kwa wagonjwa 68 waliokwisha kupata tatizo hilo lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliopona katika kundi la chemba walikuwa 6 kati ya 31 na katika kundi lililoingizwa kwenye chemba ya kuigiza walikuwa 12 kati ya 37. Wadenmarki, mwaka 2022, waliunganisha chemba na upasuaji wa kuondoa mfupa uliokufa, wakaona asilimia 70 wamepona dhidi ya asilimia 51 ya waliofanyiwa upasuaji peke yake. Ila wagonjwa walikuwa 65 tu, na kwa idadi hiyo tofauti inaweza kuwa bahati. Ninavyoisoma mimi, chemba peke yake haiufufui mfupa uliokufa, na kama ina nafasi basi ni ya msaidizi wa daktari wa upasuaji, baada ya yeye mwenyewe kuiomba. Mfupa mdogo kama punje ya mchele mara nyingi hushughulikiwa kwa njia nyepesi zaidi: kusukutua, antibiotiki ikiwa kuna usaha, kuondoa kipande kilicholegea, na wakati mwingine vidonge vya pentoksifilini pamoja na vitamini E, ambavyo wataalamu wa Ufaransa walivianzisha kwa nadharia kwamba kiini cha tatizo ni makovu yanayokaza ndani ya tishu, wala si njaa ya oksijeni pekee. Vidonge hivyo asivinunue dukani kwa kusoma hapa, kwa sababu vinagongana na dawa za kuzuia damu kuganda na havimfai kila mtu.

Nikirudi kwa shemeji yako wa Nungwi: chemba za wapiga mbizi ni chemba za kweli, na kanieneo ya mara 2.4 inayotumika kwa taya ni sawa na kukaa mita 14 chini ya maji ya bahari, jambo ambalo yeye atalielewa haraka kuliko mimi. Lakini ziliwekwa kwa dharura, kumwokoa mtu aliyepanda juu haraka mno mapovu ya naitrojeni yakamjaa mwilini, na huko mgonjwa huingia mara chache akaondoka. Kumweka mzee wa miaka 61 humo dakika 90 kwa siku 30 kunahitaji daktari aliyempima mapafu na masikio yake kwanza. Mapafu yenye hewa iliyovuja ni marufuku kabisa kuingia. Masikio ya mtu aliyepigwa mionzi karibu na koo yanaweza kugoma kuzibuka na ngoma ikaumia. Mwenye kisukari sukari inaweza kumshuka ndani. Macho huweza kupungua nguvu ya kuona mbali kwa wiki kadhaa. Na mara chache sana oksijeni nyingi humletea mtu kifafa papo hapo. Moto nao si hadithi. Januari 2025, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mtoto wa miaka mitano alifariki chemba aliyokuwamo ilipolipuka. Ndiyo sababu mahali penye uangalifu humvua mgonjwa nguo zake wakampa za pamba, wakamwondolea simu, na hawamruhusu kuingia amepaka mafuta wala marashi.

Lile hema la upepo msahauni. Mahema ya aina hiyo hufikia takriban kanieneo ya mara 1.3, mara nyingi kwa hewa ya kawaida tu, na hakuna jaribio lolote kati ya hayo niliyoyataja lililotumia kitu kama hicho.

Kwa meno yaliyobaki, pete ya kahawia uliyoieleza ni kuoza kunakoletwa na kukosa mate, na kutaendelea jino baada ya jino msipokuzuia. Anahitaji dawa ya meno yenye floraidi nyingi kuliko ya kawaida, ya kuandikiwa na daktari, kila usiku bila kuruka, na chupa iliyo kando ya mto iwe ya maji matupu, si ya juisi wala soda. Hukutaja sigara wala ugoro; kama vipo, vikome wiki hii, kwa sababu hudhoofisha damu ile ile ambayo taya linaitegemea ili lipone. Na aanze mazoezi ya kupanua kinywa, aonyeshwe na daktari namna ya kufanya, kwa kuwa vidole viwili vikipungua kuwa kimoja hata kusafisha hayo magego kutashindikana.

Mnunuzi wa shamba mwambieni hamjakuwa tayari. Binti yako wa Maskati asilipe amana yoyote. Kama anataka kusaidia, atume nauli ya basi la Dar es Salaam na pesa ya picha ya taya. Na kabla hamjaondoka, mmulike tena mzee kwa ile tochi, mpige picha hiyo punje mkiweka kando yake kijiti cha meno ili ukubwa uonekane, mwandike tarehe, na picha hiyo iwe kitu cha kwanza mtakachomwonyesha daktari mkishaketi.